Kwa Nini Mtoto Anautema Mchicha

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, waliwagawia wajawazito vidonge vyenye unga wa mboga. Kundi moja lilipewa karoti, jingine kale, mboga ya majani iliyo spishi moja na sukuma wiki, na la tatu halikupewa kitu. Kisha wakazitazama nyuso za watoto tumboni kwa altrasaundi. Watoto ambao mama zao walimeza karoti walionekana zaidi wakivuta pembe za midomo juu, sura ya kicheko. Wale ambao mama zao walimeza kale wakakunja uso, sura ya kilio. Wajawazito hao walikuwa kama 100, na mimba zao zilikuwa za wiki 32 hadi 36.

Watoto hao walikuwa hawajadekezwa na bibi wala kutishiwa sindano ya daktari. Mama wa Mbagala au Kayole anayeambiwa kwamba mwanawe wa miaka miwili ameharibiwa kwa malezi, kwa kuwa anautema mchicha, ana haki ya kujibu kwamba ugomvi huu una umri mkubwa kuliko mtoto mwenyewe.

Uchungu si kasoro ya mpishi. Mmea hauwezi kumkimbia anayeula, hivyo hujilinda kwa kemikali, na nyingi kati ya hizo ni chungu. Jamii ya kabichi inazo, sukuma wiki na figiri zikiwemo, mgagani unazo, mnavu unazo za aina yake. Ulimi wa binadamu nao huzaliwa na msimamo wake: utamu ni dalili ya chakula chenye nguvu, kama yalivyo maziwa ya mama, na uchungu ni dalili ya sumu. Watoto huuhisi uchungu kwa ukali kuliko watu wazima, na hata wao kwa wao hawalingani. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox, akiwa katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani, alirusha hewani unga fulani bila kukusudia. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu ajabu. Fox mwenyewe hakuhisi chochote. Jeni inayohusika na tofauti hiyo ilitambuliwa mwaka 2003. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kula sukuma ya sufuria moja, na kila mmoja akaonja kitu chake.

Halafu kuna suala la umri, na hapa ndipo wazazi wengi hushtuka. Mtoto wa miezi minane hupokea karibu kila anachopewa. Akikaribia miaka miwili huanza kufumba mdomo, kugeuza shingo, kukataa leo alichokula jana. Wanasaikolojia wanaufahamu vizuri woga huu wa chakula kigeni, na wanasema hushika kasi kati ya miaka 2 na 6. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba huo ndio umri ambao mtoto ameshajua kutembea, na anaweza kuchuma jani uani na kulila bila mtu kumwona. Katika karne nyingi zilizopita, aliyetilia shaka kila jani ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri ya kukua. Annie Wertz na Karen Wynn wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha mwaka 2014 kwamba hata watoto ambao bado hawajasema neno husita zaidi kugusa mimea kuliko vitu vingine, na kwamba hujua mmea upi unalika kwa kumwona mtu mzima akiutia mdomoni.

Umri huohuo una hesabu nyingine ambayo bibi wengi hawaipigi. Mtoto huongeza uzito wake karibu mara tatu katika mwaka wa kwanza. Aliyezaliwa na kilo 3 huenda akafikisha 9. Baada ya hapo huongeza kilo 2 hadi 2.5 tu kwa mwaka. Kasi ya kukua inaposhuka, na hamu ya kula hushuka. Sahani inarudi nusu, mama anashika tama, jirani anataja dawa ya kuongeza hamu, na kumbe mtoto ameshiba.

Urithi nao una fungu lake, na si dogo. Watafiti wa London waliofuatilia mapacha wa Uingereza na Wales walitoa ripoti mwaka 2024 kwamba tofauti za kuchagua chakula kati ya watoto wa miezi 16 zilitokana na vinasaba kwa asilimia 60, na kuanzia umri wa miaka 3 kwa asilimia 74 au zaidi. Kwa watoto wa miezi 16, robo hivi ya tofauti ilitokana na mazingira ya nyumbani. Takwimu hizo zinampunguzia mzazi lawama, lakini hazimwondolei kazi. Robo hiyo ndiyo iliyo mikononi mwake, na huonekana zaidi mtoto angali mdogo.

Njia ya mkato inayojulikana na kila aliyekulia Afrika Mashariki ni nguvu. Mtoto analazwa magotini, pua inabanwa, uji unamiminwa kwa kiganja. Au fimbo inawekwa kando ya sahani. Au anaambiwa polisi yuko mlangoni. Kumbana mtoto pua kunaweza kupeleka chakula kwenye njia ya hewa, na hatari hiyo peke yake inatosha kuizika desturi hii. Lakini hata nguvu isiyo na fimbo inashindwa. Katika Jimbo la Pennsylvania, Marekani, watafiti walioongozwa na Amy Galloway waliwapa watoto wa shule ya awali supu mbili, ya mahindi na ya boga. Kwa moja, mtu mzima aliwahimiza kila mara wamalize. Kwa nyingine alinyamaza. Supu waliyohimizwa waliila kidogo na kuisema vibaya zaidi. Hapo hakuna aliyepigwa wala kutishwa. Neno "maliza" lilitosha kuiharibu supu.

Hongo ina ubaya wake. Kina mama wengi huahidi soda au biskuti mboga zikiisha, na kwa siku moja hufanikiwa. Mwanasaikolojia Leann Birch, aliyetumia karibu maisha yake yote ya kazi kuchunguza watoto wanavyojifunza kula, alijaribu jambo hili mwaka 1984 kwa kinywaji cha maziwa yaliyochachushwa. Watoto waliokunywa ili walipwe walikipenda kidogo kuliko mwanzo. Mantiki ya mtoto haina kasoro: kitu ambacho lazima nilipwe ndipo nikile, hakiwezi kuwa kizuri, na kile ninacholipwa ndicho chenye thamani. Kuna zawadi nyingine, hata hivyo, ambayo haikuleta madhara hayo. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011 ulitumia stika ndogo na sifa za mdomo kwa watoto wa miaka 4 hadi 6 waliokubali kuonja, na mboga ikaendelea kupendwa hata miezi mitatu baadaye. Tofauti iko katika kitu kinacholipwa. Stika haishindani na mchicha tumboni, soda inashindana.

Jaribio maarufu kuliko yote katika habari hizi ni la zamani zaidi. Mwaka 1926 daktari wa watoto Clara Davis alianza Cleveland, kisha akaendelea Chicago, kuwalea hospitalini watoto 15 walioachishwa ziwa muda si mrefu, wengi wao wa mama wasiojiweza. Aliandaa orodha ya vyakula 34: nyama, maini, figo, mayai, samaki, maziwa, nafaka, matunda, karoti, njegere, kabichi, spinachi na vinginevyo. Kila mlo trei iliwekwa mbele ya mtoto. Muuguzi alikaa kando na kijiko, akiwa amekatazwa kushauri, kusifu wala kukemea. Mtoto akinyoosha mkono kwenye bakuli, ndipo alipochotewa.

Walikula ovyo. Kulikuwa na asubuhi za maini na juisi ya machungwa, na jioni za mayai kadhaa, ndizi na maziwa. Mwanzoni walitia mdomoni kila kitu na kutema vingine, kisha kila mmoja akajenga mapendeleo yake. Mtoto mmoja aliyefika na ugonjwa wa matege aliwekewa mafuta ya ini la samaki, akayanywa kwa hiari mpaka akapona. Davis alipotoa ripoti yake mwaka 1939 wote walikuwa wamekua vizuri na wana afya.

Wengi wameitumia habari hii kudai kwamba mwili wa mtoto unajua wenyewe unachohitaji, na kwamba aachwe tu. Davis mwenyewe hakusema hivyo. Alikiri wazi kwamba ujanja ulikuwa katika orodha. Kwenye trei hapakuwa na sukari, unga mweupe wala chakula cha kopo, kwa hiyo mtoto hangeweza kukosea hata angechagua vipi. Na kuna jambo ambalo wanaolisimulia jaribio hili hulipita haraka: mboga hazikushinda. Watoto walipenda maziwa, mayai, matunda na uji wa nafaka. Mboga zote zilibaki chini ya orodha, na wapo ambao hawakuwahi kuonja spinachi au letusi hata mara moja. Mtoto aliyeachiwa uhuru kamili hali mboga nyingi. Huonja, hula kidogo, na maisha yanaendelea.

Kutokana na fikra kama hizo mtaalamu wa lishe Ellyn Satter, naye Mmarekani, aliweka kanuni inayofundishwa sana hadi leo: mzazi aamue chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto aamue kama atakula na kiasi gani. Ni kanuni nzuri. Inashindwa pale tu mzazi anapodhani kwamba ameamua chakula, kumbe muuza duka ndiye aliyeamua.

Tuchukue siku ya kawaida katika nyumba nyingi za mjini. Asubuhi mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakunywa chai yenye sukari na maandazi mawili. Saa nne analia, anapewa biskuti anyamaze. Saa sita anarudi na kijuisi cha pakiti kutoka kwa shangazi. Saa saba na nusu inakuja sahani ya ugali na matembele, naye anaisukuma. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya kwa wastani anahitaji kalori kama 550 tu kwa siku kutoka katika chakula kingine. Chai ile na maandazi yake yanaweza kumaliza zaidi ya nusu kabla jua halijapanda. Mtoto huyu hachagui chakula. Hana njaa, na chakula ambacho mtu hula akiwa na njaa tu ndicho kilicholetwa mwisho.

Chai ina kosa la ziada. Majani yake yana kemikali zinazozuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokayo katika mimea, kwa hiyo hata mchicha kidogo uliomezwa pamoja na chai hutoa faida ndogo. Hili si jambo dogo katika nchi ambayo utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Nchi hiyo ni Tanzania. Kama kuna badiliko moja linaloweza kufanyika kesho bila kuongeza shilingi kwenye bajeti, ni kumwondolea mtoto mdogo kikombe cha chai na kuweka saa mbili au tatu zisizo na chochote kabla ya mlo isipokuwa maji na, kwa anayenyonya, ziwa.

Adui wa pili yuko jikoni na huonekana rafiki: blenda. Katika nyumba zenye umeme na kipato cha wastani, imekuwa desturi mtoto asagiwe kila kitu hadi kiwe laini kabisa, viazi, karoti, maini na mchicha katika kikombe kimoja, na aendelee hivyo mpaka miaka miwili. Nia ni njema. Mtoto anapata vyote na kazi inaisha upesi, hasa kwa dada wa kazi mwenye nguo za kufua. Ila mtoto hajifunzi mboga. Rojo hilo lina rangi moja na ladha moja, na siku akiwekewa jani lenyewe kwenye sahani analiona mgeni. Watafiti waliofuata maelfu ya watoto wa eneo la Bristol, Uingereza, walikuta kwamba waliochelewa kupewa chakula chenye mabonge hadi baada ya miezi 9 walikuwa wasumbufu zaidi wa kula, na walipofika miaka 7 walikula mboga na matunda ya aina chache. Mtoto wa miezi 8 anaweza kushika kipande cha boga kilichoiva vizuri. Wa mwaka mmoja anaweza kula chakula cha familia kikipondwapondwa.

Wakati huohuo, haki itendeke kwa meno. Magego ya kwanza huota kati ya miezi 13 na 19 hivi, ya pili hadi karibu miaka 3. Jani la sukuma wiki lenye nyuzi, lililokatwa kwa upana, haliwezi kusagwa na mtoto mwenye meno ya mbele tu. Atalitafuna, litazunguka mdomoni, atalitema, na mtu atasema amelikataa. Kina mama mboga wa Nairobi wanaokata sukuma nyembamba kama uzi wamemaliza nusu ya tatizo hilo bila kujua. Kisamvu ndicho kinachomfaa zaidi mtoto asiye na magego, kwa sababu hutwangwa kwenye kinu na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake ya asili itoke, na hufika mezani kikiwa laini. Mashariki ya Kongo, ambako huitwa sombe, hupikwa kwa mawese, na mafuta hayo mekundu yana viasili vingi vya vitamini A kuliko karibu mafuta mengine yote ya kula.

Kwa kweli mapishi ya ukanda huu yalishayajibu mengi ambayo vitabu vya malezi vinahangaika nayo. Uchungu hupungua kwa mafuta, na Pwani huweka tui la nazi. Hupungua kwa karanga, na ndiyo sababu mchicha wa karanga hupendwa na wasiopenda mchicha. Magharibi ya Kenya mnavu, uitwao pia managu, na mgagani, uitwao saga, huchemshwa, huongezwa maziwa na kuachwa zilale, zikapashwa siku inayofuata zikiwa zimepoa ukali. Huko huko mboga chungu huchanganywa na zisizo na uchungu, kama terere, yaani mchicha, au kunde, badala ya kupikwa peke yake. Mafuta yana kazi nyingine pia: bila mafuta kidogo mwili haufyonzi vizuri viasili vya vitamini A vilivyo kwenye majani. Limau kidogo mwishoni husaidia madini ya chuma. Kinachostahili kupunguzwa ni magadi, ambayo hulainisha majani haraka lakini huua vitamini C, na kile kitendo cha kumpa mtoto mchuzi wa mboga huku majani yenyewe yakibaki kwa wakubwa. Karanga za mtoto mdogo zisagwe, zisipewe nzima, na karoti isipewe mbichi ikiwa vipande vigumu. Zote mbili zinaweza kumkaba koo.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kurudia. Jane Wardle na wenzake wa London walifanya hivyo mwaka 2003: wazazi walimwonjesha mtoto kila siku, kwa siku 14, mboga ileile aliyokuwa haipendi sana, kipande kidogo tu bila kulazimisha. Mboga hiyo ikapendwa na kuliwa zaidi. Tafiti nyingine hutaja mara 8 hadi 15. Wazazi waliohojiwa Marekani, hata hivyo, wengi wao walikuwa wamekata tamaa baada ya mara 3 hadi 5, na mwanasosholojia Caitlin Daniel alieleza mwaka 2016 sababu moja isiyosemwa sana. Aliongea na familia za Boston zenye kipato kidogo na kukuta kwamba mama haogopi kazi ya kurudia, anaogopa hasara. Brokoli iliyonunuliwa kwa ajili ya mtoto na kutupwa mara 10 ni fedha iliyotupwa mara 10, na kwa fedha hizo angenunua kitu ambacho mtoto atakila kwa hakika.

Hapa ndipo nyumba ya kawaida ya Tanzania au Kenya ina nafasi ambayo mama wa Boston hana. Mboga za majani zinapikwa hata hivyo. Fungu la mchicha limenunuliwa kwa ajili ya wote, sufuria ni moja, na kumwekea mtoto kijiko kimoja hakugharimu kitu. Asipokula, kaka yake atakila. Mara 15 za watafiti zinapatikana ndani ya mwezi mmoja bila mtu kuzihesabu. Nafasi hiyo hupotea siku ile familia inapoanza kumpikia mtoto chungu chake, viazi vya kuponda, wali na mchuzi wa nyama, kwa imani kwamba mboga za wakubwa si chakula cha mtoto. Hupotea zaidi kadiri kipato kinavyopanda, na hilo ni la kusikitisha, kwa sababu wanaolalamika sana kwamba watoto hawali mboga ndio hao hao waliowatenga na sufuria yenye mboga.

Kula pamoja kuna nguvu nyingine. Mwaka 1980 Birch huyohuyo alimweka mtoto asiyependa mboga fulani meza moja na wenzake kadhaa walioipenda. Baada ya siku chache alianza kuichagua, na badiliko likadumu kwa wiki kadhaa. Hakuna mtu mzima aliyesema neno. Sinia la Pwani, ambalo binamu watano hukaa kulizunguka, hufanya kazi hiyo kila mchana, ingawa lina hatari yake: mwenye mkono mdogo hula taratibu na hupitwa. Suluhisho la kina bibi wengi ni sawa na la wataalamu wa leo, mtoto akae na wenzake lakini awe na kisahani chake.

Na wakubwa wanakula nini? Baba anayechambua nyama na kuyaacha majani pembeni ya sahani ameshatoa somo. Kwa miaka mingi mboga za asili zilidharauliwa waziwazi kama magugu na chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miongo kadhaa kuzirudishia hadhi nchini Kenya, naye mwenyewe alikua akizila kwa sababu mwili wake utotoni haukupatana na protini za wanyama. Leo managu na saga ziko kwenye hoteli na maduka makubwa ya Nairobi. Ndani ya nyumba mambo huenda polepole zaidi. Siku za mboga zikiitwa siku za shida, mtoto husikia.

Mboga kiasi gani basi zinatosha? Kidogo kuliko wasiwasi wa mzazi unavyodai. Vijiko vichache vya chakula kwa mlo ni mwanzo mzuri kwa mtoto wa miaka miwili. Vitamini A anaweza pia kuipata katika embe, papai, boga na viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vitamu kiasi kwamba mtoto hahitaji kubembelezwa avile. Kuhusu madini ya chuma, mchicha umesifiwa kupita uwezo wake: chuma cha majani hufyonzwa kwa shida, na dagaa, maini au nyama kidogo hufanya kazi kubwa zaidi, huku maharage yakisaidia. Mtoto anayekula embe, maharage na dagaa lakini anatema sukuma hayumo hatarini. Sababu ya kuendelea kumwekea sukuma ni nyingine kabisa. Katika nyumba nyingi za ukanda huu kitoweo cha siku nne au tano za wiki ni majani, na asiyejifunza kuyala hubaki na ugali mkavu, au ugali na chai. Kwa mtoto wa tabaka la kati kukataa mboga ni usumbufu. Kwa mtoto wa kipato cha chini ni kukosa mlo.

Kuzificha mboga kwenye kababu, chapati au mchuzi kunafaa kama nyongeza. Majaribio ya Marekani yameonyesha kwamba watoto waliowekewa mboga za kusagwa ndani ya vyakula walivyovizoea walizila nyingi zaidi bila kugundua. Ila kilichofichwa hakifundishi. Jani linaloonekana libaki kwenye sahani hata kama halitaguswa.

Yapo mazingira ambayo haya yote hayahusiki. Mtoto ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, aliyepauka viganja, anayekula udongo, mwenye vidonda mdomoni, aliyeharisha au kupata homa za mara kwa mara, huyo hasumbui kula; anaumwa. Minyoo na upungufu wa damu huua hamu ya kula. Vivyo hivyo kwa anayekabwa na kila chakula kisicho laini akiwa ameshapita mwaka na nusu, au aliyebakiwa na vyakula vitatu au vinne tu anavyovikubali. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo asibishane naye mezani. Ampeleke kliniki na kadi yake, apimwe uzito, urefu na wingi wa damu, na aulizie kama amepata matone ya vitamini A yanayotolewa kila baada ya miezi 6 hadi atimize miaka 5, pamoja na dawa ya minyoo ambayo huanza kutolewa akifikisha mwaka mmoja.